Doa Kwenye Kioo

Kabla ya funguo, kabla hata ya chai ya chupani,
Orysia Hnatiuk alinikabidhi ndoo na kitambaa laini.
Mbu wa Manitoba walikuwa wamegandia kiooni
mmoja mmoja, na miguu yao, na damu ya ng'ombe wa watu.
"Sugua," alisema. "Nataka kioo kisichoonekana."
Nilikuja kujifunza kuruka.
Wiki nzima ya kwanza nilijifunza kuosha.

Wahenga walisema macho hayana pazia.
Hawakuwahi kukaa kiti cha kushoto cha ndege ndogo.
Pazia ni bawa unapokata kona.
Pazia ni nguzo ya mlango, nyembamba kama mkono wa mtoto,
na nyuma yake hujificha ndege nzima na watu wake wanne.
Pazia ni jua la saa mbili usiku,
maana huku kiangazi jua halijui kulala.
Na jicho lenyewe ni pazia:
likikosa cha kushika angani hulegea,
likaishia hatua chache mbele ya pua,
nawe unaapa kwamba unatazama mbali.

"Usipitishe macho kama mpaka rangi wa ukuta.
Kata anga vipande. Tua kwenye kila kipande,
hesabu moja, mbili, ndipo uhame."
Na redio je?
"Redio huongea na mwenye redio.
Mnara hapa hatuna. Tuna maghala ya ngano, na adabu."

Kisha akaniambia lile ambalo bado huniamsha usiku:
kinachotembea kiooni kitakupita.
Ogopa kilichotulia.
Kinachokaa pale pale, kikinenepa polepole,
hicho mna miadi.

Alhamisi moja, Julai ikiishia, nilikuwa peke yangu.
Futi elfu mbili, na chini kanola imechanua
manjano hadi ukomo wa dunia.
Doa likatokea kushoto, juu ya mstari wa upeo.
Dogo. Jeusi. Lina adabu ya mbu.
Mkono wangu ulikwisha kuinuka kulifuta,
kidole kikagusa kioo,
ndipo nikakumbuka:
kioo hiki nimekiosha mimi.
Hakuna mbu wangu hapo.

Halikusogea.
Lilinenepa.
Yeye kushoto, mimi kulia kwake: haki ya njia yangu.
Ningeweza kuishikilia, ile haki,
kama mrithi anavyoshikilia hati ya shamba lililokwisha kuchukuliwa na mto.
Nikalaza bawa la kulia.
La kushoto likainuka, na chini yake akapita
Wendell Froese, mnyunyiza dawa wa mashamba,
karibu kiasi cha kuiona kofia yake,
juu ya kofia, si uso,
kwa kuwa uso ulikuwa umeinamia mapajani.

Tulikutana penye pampu ya mafuta.
"Sikukuona," alisema.
"Najua."
Alikuwa akitafuta namba ya shamba kwenye kishikwambi.
Kahawa ilimwagika viatuni mwake naye hakutazama.
Nilikuwa nimeandaa maneno makali, yamepangwa kama risasi.
Yakaniishia mdomoni,
kwa sababu Jumanne ile penseli yangu ilianguka
nikainama kuitafuta chini ya kiti,
na nilipoinuka anga lilikuwa jeupe, tulivu,
kana kwamba halina la kunificha.
Nani alikuwa pale?
Nani alilaza bawa lake kwa ajili yangu
akaenda zake nyumbani bila kunitaja,
mtu nisiyejua jina lake wala rangi ya ndege yake,
ninayemdai shukrani asizozipokea?
Hapana. Nimekosea. Ni yeye anayenidai.

Orysia hakunipongeza.
Alizunguka ndege, akachungulia kioo kwa jicho moja,
akakuta alama ya kidole,
kwa ndani, upande wa kushoto.
Akaisogeza ndoo kwa mguu.